Tangu Kuzaliwa

Bariadi, 2 Agosti 1995

Dada yangu mpendwa Felisita,

Tunakusalimu wote wa nyumba hii. Justina anakusalimu, na watoto wanauliza lini shangazi atawaletea tena michembe ya viazi, maana ile ya mwaka jana wameshaisahau ladha yake. Afya zetu ni nzuri. Nakuombea na wewe nguvu zirudi baada ya homa ile ndefu na baada ya msiba.

Mji umechangamka kwa ajili ya pamba. Tangu ushirika uachwe upambane na wanunuzi binafsi, kila kampuni imekuja na mizani yake na turubai lake, na malori yanashindana kwenye matope na kwenye vumbi. Ofisini kwetu hatuna furaha hiyo. Tunaambiwa serikali inapunguza watumishi, na kila asubuhi tunaangalia ubao wa matangazo kabla ya kusalimiana.

Dada, ndani ya bahasha hii kuna cheti cha kifo cha mtoto wetu Kwandu. Nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hati yangu nzuri unayoijua, na mkuu wangu ametia sahihi na muhuri. Sababu ya kifo nimeinakili neno kwa neno kutoka kwenye karatasi ya daktari. Watu wengi huko kijijini huzika bila karatasi yoyote, lakini mimi nikiwa karani wa vizazi na vifo sikutaka mtoto wa dada yangu aondoke duniani kama mtu asiyejulikana serikalini. Kitunze pamoja na karatasi nyingine za hospitali. Siku ukimpeleka mtoto mwingine kutibiwa, beba zote, waganga wa zahanati wanapenda kujua habari za familia.

Msalimie shemeji Mayige, na Mama mwambie nitamletea blanketi.

Mdogo wako,
Januarius


Kimali, 27 Agosti 1995

Mdogo wangu Januarius,

Mwangaluka. Sisi huku ni mhola duhu, wazima tu, kama anavyosema Mama hata akiwa anaumwa meno. Tumemaliza kuchuma pamba. Mayige anagombana na wanunuzi wako hao wa turubai, kwa sababu hawaulizi pamba safi wala fifi ile chafu, wanamwaga yote pamoja na kushindilia kwa miguu. Anasema kama ni hivyo basi mwakani hatachambua. Mama anangoja blanketi lakini anasema atakufa kwanza. Usitishike, ndivyo anavyoomba.

Cheti nimekipata kwa dereva wa lori. Nakushukuru kwa hati nzuri. Nilikisoma mara mbili, kisha nikampelekea Mwalimu Generoza anisomee, nikidhani macho yangu bado yana homa. Naye akasoma vilevile: sababu ya kifo, utaahira tangu kuzaliwa.

Januarius, hicho si kitu kinachoua mtu. Kwandu aliishi nacho miaka kumi na minne. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na maneno yake yote ungeweza kuyafunga kwenye ncha ya kanga. Lakini alikuwa anakula ugali kuliko mimi, anachota maji, anacheka mbuzi akipiga chafya. Utaahira ulikuwa umekaa naye miaka yote hiyo kama mdogo wake, leo ndiyo umuue?

Aliondoka hapa anakohoa. Mimi nilikuwa kitandani siwezi kuinuka, nikamsikia anavyovuta pumzi pale uani, kifua kinalia. Ndiyo maana Mama akampakia kwenye lori la pamba akamleta kwako, kwa sababu uko serikalini na hospitali unaijua. Mwanangu alikufa kwa kifua.

Nakuomba ulirekebishe jambo hili. Wewe ndiye mwenye kalamu.

Dada yako,
Felisita


Bariadi, 19 Septemba 1995

Dada Felisita,

Barua yako ilichelewa kunifikia, na mimi nimechelewa kuijibu kwa sababu ya kazi za uandikishaji wa wapiga kura, maana nasi tumeazimwa huko. Hapa tu wazima. Mtoto wetu Gloria amefaulu majaribio, ni wa tatu darasani. Justina ameanza kuuza maandazi, mume akipunguzwa kazi watoto wasilale njaa.

Kuhusu cheti. Nadhani hukunielewa. Cheti cha kifo ni hati ya serikali, na kalamu niliyonayo mimi ni ya kunakili tu. Karani hana mamlaka ya kubadilisha sababu aliyoandika daktari. Ili ibadilishwe, ni lazima daktari aandike upya, na ili daktari aandike upya ni lazima awepo mtu wa kueleza kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa na kasoro. Hayo ni mambo mazito. Wakubwa wangu wanatafuta tu jina la kuanzia kwenye orodha yao, sitaki wakute langu limezungushiwa wino mwekundu.

Halafu, dada, wewe si daktari, na mimi si daktari. Siku ile hospitalini mambo yalikwenda haraka. Palikuwa na foleni mpaka nje. Sina zaidi la kuongeza. Kwandu amepumzika, na kwa hali aliyokuwa nayo, wengine wangesema Mungu amemrahisishia. Tusimsumbue.

Nimetuma blanketi la Mama kwa mkono wa yule dereva.

Mdogo wako,
Januarius


Kimali, 8 Oktoba 1995

Januarius,

Blanketi limefika. Mama amelivaa siku nzima kwenye jua ili majirani walione. Salamu nyingine nitaziandika siku nikiwa na moyo wa salamu.

Hayo ya kwamba Mungu amemrahisishia, usiyarudie kwangu. Hata kwa mdomo usiyarudie.

Sayi anakohoa. Sayi mdogo wake Kwandu, unayemwita mwenyeji wako kwa sababu kila ukija anakukumbatia mguu. Unajua alivyo, yuko kama dada yake alivyokuwa. Alipoanza kupata joto nilimpeleka zahanati. Ulisema nibebe karatasi zote, nami kwa utii wa dada mpumbavu nikazibeba zote. Mganga akazifungua moja moja, akafika kwenye cheti chako.

Akaniuliza, "Mama, huyu wa kwenye cheti ni nani yake?"

Nikasema, "Dada yake."

"Na huyu naye ni hivyohivyo?"

Nikasema ndiyo, lakini leo nimemleta kwa kikohozi.

Akakunja karatasi vizuri, akanirudishia. "Mama, pole sana. Hawa ndivyo wanavyokwenda. Huu ugonjwa hauna dawa, hata hospitali kubwa wameandika. Kampe uji, usimtese na safari."

Hakumgusa, Januarius. Hakumwekea hata kiganja kwenye paji la uso. Alisoma mwandiko wako akaona ametosheka.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Mayige tumpeleke Bariadi. Siku hizi hospitali hutibiwi kwa kuonekana uso, kwa hiyo nikamwomba auze ndama. Mayige si mtu mbaya, alimlilia Kwandu mpaka sauti ikakauka. Lakini alichukua cheti akakiinua juu, yeye asiyejua kusoma, akaniambia, "Mke wangu, serikali imeshaandika. Niuze ndama nitibu kitu ambacho serikali inasema hakina dawa?" Muhuri upo, na mimi sina muhuri.

Kwa hiyo sikuombi tena kwa ajili ya Kwandu peke yake. Karatasi hiyo inamwita Sayi. Ibadilishe.

Na swali moja unijibu bila kunizungusha. Maneno haya, "tangu kuzaliwa," daktari aliyatoa wapi? Hakumjua Kwandu. Hakuwepo nilipomzaa. Na Mama hana Kiswahili cha kusema hivyo.

Dada yako


Bariadi, 30 Oktoba 1995

Dada Felisita,

Salamu. Mvua za kwanza zimenyesha huku, sijui kwenu. Uchaguzi umepita kwa amani na sasa tunangoja matokeo. Justina ana mafua. Bei ya sukari imepanda tena, lakini nimekutumia kilo moja pamoja na sabuni na vidonge vya homa kwa ajili ya Sayi. Mpe nusu asubuhi na nusu jioni.

Nasikitika kwa habari za zahanati.

Ofisini bado hawajabandika orodha.

Mdogo wako,
Januarius


Kimali, 9 Novemba 1995

Januarius,

Sukari nimepata, sabuni nimepata, vidonge nimepata. Jibu la swali langu nimelitafuta mpaka ndani ya mfuko wa sukari.

Basi nimemuuliza Mama. Tangu msiba alikuwa hasemi lolote la siku ile ya hospitali, nami nilidhani ni huzuni. Kumbe alikuwa anakulinda wewe, kitinda mimba wake. Jana usiku wa kuamkia leo Sayi alikohoa mpaka akashindwa kulia, na Mama akavunjika. Akaniambia yote kwa Kisukuma, nami nakuandikia kwa Kiswahili ili usiseme hukuelewa.

Anasema mliingia watatu, Kwandu amebebwa mgongoni. Yule daktari ni mtu wa mbali, hajui lugha yetu, na wewe ulikuwa pale kuwa mdomo wa Mama. Daktari alimtazama Kwandu, alivyolegea na mdomo wazi, akauliza, "Amekuwa hivi tangu lini?" Ukamjibu hapohapo. Hukugeuka kumuuliza Mama. Mama alikuwa ameshika kifua chake mwenyewe kumwonyesha daktari mahali panapouma. Neno moja tu alilitambua kwenye jibu lako, neno "kuzaliwa," kwa sababu amelisikia kliniki miaka yote. Akashangaa kwa nini watu wanazungumza habari za kuzaliwa wakati mtoto anakosa pumzi. Daktari akaandika, akasema mrudishe nyumbani mkamtunze. Kwandu alifia kwenye benchi la nje wakati wewe umekwenda kutafuta usafiri.

Daktari aliuliza "hivi" ya kupumua. Wewe ulisikia "hivi" ya akili. Labda hata yeye aliuliza ya akili, mimi sijui, sikuwepo. Ila najua kwa nini wewe ulisikia hivyo. Tangu Kwandu yuko mdogo, ukimtazama uliona kitu hicho kimoja tu. Ulikuwa unamwonea haya mbele ya wakubwa wako. Nimelijua siku nyingi, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unatuletea sukari.

Mayige amelainika. Sikumwambia yote, nilimwambia tu kwamba karatasi imekosewa na wewe utaisahihisha. Ndama ameuzwa. Jumatatu tunapanda lori, mimi na Sayi. Tutakuwa kwenye lango la hospitali. Uwepo pale, usimame mbele ya daktari yuleyule, useme ulichokosea. Kama hutakuja, nitajua nina ndugu wa barua tu.

Felisita


Kimali, 24 Novemba 1995

Januarius,

Hukuwepo.

Tulingoja langoni mpaka jua likapanda. Justina ndiye aliyekuja, na chupa ya chai, na uso umeinama. Akasema umetumwa Lagangabilili kikazi. Nikamuuliza, "Ametumwa au amejituma?" Akanimiminia chai. Mkeo ni mtu mwema, usimfundishe kusema uongo kwa ajili yako.

Nikaingia peke yangu. Sikungoja kuulizwa. Nilipofika tu mezani nikasema, "Daktari, mtoto ana kikohozi, ana joto, anapumua kama unavyomsikia. Hayo ndiyo yaliyonileta. Hayo mengine unayoyaona amezaliwa nayo, hayaumi, yaache." Nadhani hajawahi kusemeshwa hivyo na mwanamke wa shamba. Akamweka Sayi kitandani, akamsikiliza mbele na nyuma, akaita nesi. Nimonia, akasema. Walimlaza, wakamchoma sindano kila baada ya saa chache, na kila akichomwa Sayi anamtukana nesi kwa neno lake moja la matusi alilofundishwa na wachunga ng'ombe. Siku ya tatu akaomba ugali. Nililia pale wodini mbele za watu, sikujificha.

Siku ya kuruhusiwa nikamtolea daktari cheti cha Kwandu. Alikisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyomo.

Akasema, "Mama, mimi niliandika nilichoambiwa. Mwanamume aliyekuja naye alisema yuko hivyo tangu kuzaliwa. Nilidhani ni baba yake."

Nikamwambia, "Umesema kweli. Lakini hicho chombo ulichovaa shingoni, ulichomsikilizia Sayi, siku ile kilikuwa wapi?"

Alikivua akakiweka mezani, akabaki anakitazama. Kisha akasema atarekebisha maandishi yake iwapo yule aliyetafsiri atakuja mwenyewe kuandika maelezo na kutia sahihi. Akasema, "Si wewe mama, wewe hukuwepo. Yeye."

Nimefanya ya kwangu. Sayi yuko hapa mlangoni, amekonda lakini anacheka. Cheti nimekiacha kwa Justina, sikitaki ndani ya nyumba yangu jinsi kilivyo. Baki na chako uamue.

Felisita


Bariadi, 12 Desemba 1995

Dada,

Sina salamu ndefu. Watoto wazima, Justina mzima.

Nilikuwa nyumbani siku ile. Sikwenda Lagangabilili. Nilikuwa chumbani na mlango umefungwa, na Justina aliporudi na chupa tupu hakusema nami mpaka kesho yake.

Jumanne iliyopita nilikwenda hospitalini. Nimeandika maelezo kurasa mbili, nikatia sahihi mbele ya daktari, na yeye akaandika ya kwake. Sikutegemea, lakini ya kwake ni marefu kuliko yangu. Nikapeleka zote kwa mkuu wangu. Alizisoma akavua miwani, akaniuliza, "Januarius, unajua ni mwezi gani huu wa kuniletea karatasi yenye jina lako?" Nikasema najua. Akatia sahihi. Yatakayofuata nitayaona mwezi wa kwanza.

Uliyoandika kwamba nilimwonea haya Kwandu, nimejaribu kuyapinga. Nimechana barua tatu.

Cheti kipya hiki hapa. Nilimwomba mwenzangu akiandike, mkono wangu ulikataa.

Januarius


Kimali, 30 Desemba 1995

Mdogo wangu Januarius,

Noeli tumeila vizuri. Mayige alichinja beberu, Mama akala nyama laini akasema ngumu amewaachia vijana. Mvua imeshika, tumepanda pamba yote na mahindi yameota. Sayi anafukuza kuku kwenye mbegu tangu asubuhi. Huwa anawafukuza na wanaotoka nje na wanaoingia, lakini anafanya kazi.

Cheti kimefika. Nilimsomea Mayige, sababu ya kifo, nimonia. Aliuliza nimonia ni nini. Nikamwambia ni kile alichougua Sayi mwezi uliopita. Halafu akaniuliza, "Kile kilichopona kwa sindano?" Nikasema ndiyo, kilekile. Akainuka akaenda kwa ng'ombe, na hakurudi kula.

Mimi ndiye niliyekidai cheti hiki, na ningekidai tena, kwa sababu sasa mganga yeyote akikisoma itambidi amguse Sayi. Ila nikwambie ukweli, kile cha kwanza nilikuwa nalala nacho. Kilikuwa cha uongo, lakini kilisema mwanangu alikufa kwa alivyoumbwa, na kwa hilo hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Hiki kinasema alikufa kwa ugonjwa wenye dawa, na dawa ilikuwa ndani ya kabati, chumba cha pili kutoka pale alipokuwa amebebwa. Kila usiku naihesabu ile safari fupi kutoka kwa daktari mpaka kwenye kabati, na kila usiku wewe umesimama katikati. Nimejaribu kukuondoa hapo nimeshindwa. Uchungu huu sikuujua wakati wa msiba, umeniingia sasa.

Ulifanya vizuri kwenda. Najua kilichokugharimu, na nakuombea jina lako lisionekane kwenye orodha yao. Nakupenda, wewe ni wa tumbo moja na mimi. Lakini Justina ameniandikia kwamba unataka kuja mwezi wa kwanza kumwomba Mama radhi, na kulala kwangu siku mbili. Usije, Januarius. Nikikuona sasa nitasema maneno ambayo hatutaweza kuyarudisha.

Njoo mwezi wa pili, wakati wa palizi. Pamba itakuwa imefika magotini, kazi itakuwa nyingi. Nitakupa jembe na mstari wako, mimi nitachukua wangu, na tutalima mpaka jioni bila kuzungumza. Njoo na kofia, jua la mwezi huo ni kali.

Dada yako,
Felisita